Wamumu: Kambi ya Wavulana na Milango Yake Miwili

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Kakuma. Kazi yangu ni michezo, mikutano ya bloku, na mara kwa mara kufuatilia kijana aliyeshikwa. Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa kambini na somo nililolipenda ni historia. Tulisoma Mau Mau, tukasoma Hali ya Hatari, tukakariri tarehe, basi. Habari za wavulana waliofungwa miaka ile hazikuwa kwenye mtihani. Nilizipata baadaye kwa kusoma mwenyewe. Naziandika hapa kwa sababu zinatuhusu sisi wakaaji wa kambi, na zinawahusu pia ndugu zetu wa mashirika ambao wamepewa kusimamia vituo vya vijana.

Swali langu ni moja. Mtu akikabidhiwa mahali pa kufungia vijana, utajuaje kama anasimamia vizuri? Mgeni akija kukagua, anaonyeshwa vitanda, jiko, darasa na cherehani. Anapiga picha, anaenda. Mimi sisemi vitanda si muhimu. Aliyelala chini kwenye saruji anajua. Lakini historia ya kambi moja inayoitwa Wamumu imenifanya niulize maswali mengine mawili kwanza: huyu kijana aliingiaje hapa, na siku akitoka anakwenda wapi?

Watoto wa Kabete

Kufunga watoto Kenya hakukuanza na Mau Mau. Kabete, nje kidogo ya Nairobi, palikuwa na nyumba ya kurekebisha watoto tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliopelekwa pale wengi hawakuwa wauaji. Walikuwa wavulana wa wizi mdogo mdogo na wa kuzurura mjini. Kijana ametoka kijijini kutafuta kazi, amekosa, amelala kibarazani kwa mtu. Kwa macho ya serikali ya kikoloni huyo tayari ni mhalifu. Wengine walikusanywa kwa msako, wakapakiwa kwenye malori, wakarudishwa vijijini. Baada ya muda walikuwa tena mjini, maana kile kilichowaondoa kijijini hakikuwa kimebadilika.

Adhabu iliyopendwa ilikuwa kiboko. Kwa serikali, kiboko kilikuwa rahisi. Hakihitaji kitanda wala mwalimu. Mtoto anachapwa asubuhi, jioni yuko pale pale sokoni.

Tangu siku hizo kulikuwa na tatizo ambalo halijaisha: umri. Watoto wa Kiafrika karibu wote hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakimu au daktari alimtazama mtoto, urefu wake, meno yake, ndevu kama zimeanza, halafu akaandika namba. Namba hiyo ndiyo iliyoamua kama atapelekwa kwa watoto au kwa watu wazima. Mama yake anaweza kuwa anajua kabisa alizaliwa msimu gani, mvua zipi, baada ya njaa ipi. Lakini mama hakuwa pale, na hata angekuwepo, msimu si tarehe.

Sisi wa kambini tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Chukua kadi za familia kumi za bloku yangu uzisome. Utadhani Kongo, Burundi na Sudan Kusini watoto wote huzaliwa tarehe 1 Januari.

Manyani, wavulana kati ya watu wazima

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi waliizunguka Nairobi katika msako mkubwa walioupa jina la Anvil. Waliotafutwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu walipangwa mistari wakapitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia kichwani, yenye matundu ya macho tu. Aliyefunikwa akitikisa kichwa, umekwisha. Maelfu ya watu walipelekwa kizuizini bila kesi, na wengi wao walifikia Manyani, kwenye nyika ya Tsavo karibu na Voi.

Huko watu waligawanywa kwa rangi: weupe, kijivu na weusi. Si rangi ya ngozi, ni rangi ya makaratasi. Mweupe ni aliyeonekana hana hatia kubwa, kijivu ni wa kati, mweusi ni mkaidi. Mtu alipanda na kushuka kutoka rangi hadi rangi kulingana na alivyokiri kiapo. Mwaka 1954 homa ya matumbo iliingia Manyani ikaua wafungwa, kwa sababu watu walijazwa kabla ya maji safi na vyoo kutosha.

Ndani ya umati huo walikuwemo wavulana. Wamelala na watu wazima, wamekula na watu wazima, wamehesabiwa kama watu wazima. Wengine walishikwa sokoni wakibeba mizigo, wengine walikuwa wapelekaji habari wa wapiganaji, wengine walikuwa tu mtaani siku ya msako. Hakuna aliyewatenga mlangoni, kwa kuwa kazi ya mlango ule ilikuwa kuingiza watu wengi haraka. Ilichukua muda kabla ya serikali kukubali kwamba ina watoto mikononi mwake, na si wawili watatu.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Kosa la kwanza la Manyani kwa wale wavulana halikufanywa na askari mwenye rungu. Lilifanywa na aliyekaa na kalamu.

Wamumu

Mwaka 1955 serikali ilifungua kambi ya wavulana mahali panapoitwa Wamumu, Mwea, sehemu ambayo leo iko kaunti ya Kirinyaga. Mwea ni nchi ya mpunga. Mifereji ya kwanza ya mashamba yale ilichimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari. Wavulana walitolewa Manyani wakaletwa pale. Walipita elfu moja.

Mmoja wa maafisa walioongoza kazi ile alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933. Piga hesabu: mwaka 1955 alikuwa na miaka 22. Ni rika langu. Nilipogundua hilo nilirudia kusoma ukurasa, kwa sababu hapa tumezoea kuambiwa kijana wa miaka 22 anafaa kubeba viti vya mkutano na kugawa maji.

Walifanya nini? Jambo la kwanza ni lile la kuwatenga na watu wazima. Peke yake hilo lilikuwa nusu ya kazi. Kisha walitengeneza siku iliyojaa. Kulikuwa na gwaride, usafi, masomo ya darasani, ufundi wa mkono kama useremala na uashi, mpira wa miguu, na skauti. Aliyewahi kukaa na vijana waliofungiwa anajua maana ya siku iliyojaa. Saa ambazo hazina kazi ndizo zinazozaa wababe, kamari na watoto wadogo kugeuzwa watumwa wa wakubwa.

Jambo la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Maafisa wa Wamumu waliwatafutia wavulana kazi kabla ya kuwaachilia. Fikiri miaka ile: kijana Mkikuyu aliyetoka kizuizini, nani atampa kazi? Mwajiri anamwogopa, chifu anamtilia shaka, na nyumbani pengine boma limechomwa au watu wamehamishiwa vijiji vya ulinzi. Kumfungulia lango tu na kumwambia kwaheri ni kumrudisha ulikomtoa. Wamumu ilijaribu kumfungulia lango huku kuna mtu upande wa pili anayemngoja. Ndiyo maana hata waandishi wanaoilaumu sana serikali ile, wakifika Wamumu hupunguza ukali.

Tusidanganyane

Hata hivyo sitaki mtu amalize makala hii akidhani Wamumu ilikuwa bustani. Wavulana wale hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Walifungwa kwa amri. Wazazi wao walikuwa wakidai ardhi, na serikali iliyochukua ardhi ndiyo iliyowafundisha wana wao utii. Walitakiwa wakiri kiapo na waache Mau Mau. Mtoto anaweza kufundishwa useremala mzuri ndani ya uonevu. Useremala unabaki mzuri na uonevu unabaki uonevu.

Tena wasichana. Wao nao walikuwemo kizuizini, Kamiti pamoja na wanawake wazima. Hawakupata Wamumu yao. Mpaka leo ukisema kijana aliyefungwa, watu wanaona mvulana kichwani. Katika kazi yangu msichana akishikwa taarifa hunifikia kwa kuchelewa, kwa sababu familia inaficha kwa aibu na kituo hakina mahali pa kumweka.

Na serikali iliyofungua Wamumu ndiyo iliyokuwa na Hola. Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofanywa, miili ilisema ukweli. Kupigwa kule hakukuwa hasira ya askari mmoja. Kulikuwa na mpango ulioandikwa ofisini, kwamba wanaokataa kazi walazimishwe kwa nguvu. Mwaka 2013, baada ya kesi ya wazee waliobaki hai, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Pesa hizo zilikuja zaidi ya miaka 50 baadaye.

Wamumu na Hola zilikuwa chini ya serikali moja, sheria moja, miaka ile ile. Kwa hiyo usimamizi si jambo dogo: aliyeko juu ya kambi anaweza kuokoa au kuua watu. Lakini pia mtu mwema hawezi kusafisha mfumo mbaya peke yake. Wamumu ilikuwa mfukoni mwa mfumo ule ule. Anayesimamia kituo leo akasema “mimi kwangu hakuna anayepigwa” amesema neno jema, ila bado hajajibu kwa nini huyu mtoto yuko kwake.

Nyumba inaishi kuliko aliyeijenga

Mwaka 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Starehe, Nairobi, kwa ajili ya wavulana wa mitaani. Walianza na vibanda viwili vya mabati. Leo Starehe ni shule inayojulikana nchi nzima. Mwaka 1964, baada ya uhuru, Griffin alipewa kuongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, akakaa huko hadi 1988. Alifariki mwaka 2005, akiwa bado mkurugenzi wa Starehe. Alichokiona kwa wavulana wa Wamumu alikipeleka mahali ambapo hapahitaji lango kufungwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya hadithi.

Wamumu yenyewe haikufungwa. Iko mpaka leo, ni shule ya serikali ya kurekebisha tabia ya wavulana. Kabete nayo iko. Majina yanabadilika, kuta zinabaki. Hata kwetu Kongo ni hivyo hivyo: amri ya Wabelgiji ya tarehe 6 Desemba 1950 kuhusu watoto wahalifu ilitumika hadi ilipotoka sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Miaka 58. Uhuru ulipita, Mobutu akapita, vita vikapita, na mtoto aliyeiba bado anahukumiwa kwa karatasi ya mkoloni.

Sheria za Kenya zimesogea. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliondoa kiboko kwenye hukumu za watoto. Ile ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, na ikafungua njia ya kesi nyingi za watoto kumalizwa nje ya mahakama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe isipokuwa njia nyingine zimeshindikana, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi kabisa unaofaa, tena mbali na watu wazima. Inasema kila mtoto. Haikusema mtoto wa Kenya.

Huku kwetu

Sasa nieleze kwa nini nimeumia na habari hizi. Mwaka 2022, mwezi wa pili, vijana wa bloku mbili walipigana bombani kwa sababu ya foleni ya maji. Wanne walishikwa. Mmoja, jina lake nalihifadhi, kadi yake ilisema amezaliwa 1 Januari 2004. Kwa karatasi ametimiza 18 mwezi uliopita tu. Akawekwa na watu wazima katika kituo kimoja ambacho nacho sitakitaja.

Mama yake alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Hakuwa na cheti. Waliondoka Fizi usiku. Lakini alisema, “Mwanangu, mimi nilipiga kura ya kwanza ya Kongo nikiwa na tumbo la huyu. Wino ulikuwa kidoleni, tumbo liko hapa.” Uchaguzi ule ulikuwa tarehe 30 Julai 2006. Kwa hiyo mtoto alizaliwa baada ya hapo, na siku ile alikuwa na miaka 15. Aliyeandika 2004 alikuwa mtu amechoka kwenye foleni ndefu, mbele ya mvulana mrefu.

Tulimtafuta mzee wa kanisa aliyembatiza, tukampata shangazi aliyekuwepo wakati wa kuzaliwa, tukaenda nao wote wawili na mfanyakazi wa shirika la ulinzi wa watoto. Siku ya tano alikabidhiwa kwa mama yake. Siku tano ni chache kwenye daftari. Kwa mtoto wa miaka 15 kati ya wanaume ni nyingi sana, na mambo mengine hajayasema mpaka leo. Mimi simlazimishi.

Kisha ukaja mlango wa pili. Shuleni alikuta nafasi yake kwenye dawati imechukuliwa. Wenzake wakamwita “mfungwa”. Nyumbani baba wa kambo alisema hataki polisi mlangoni kwake. Kwa wiki tatu kijana alizunguka soko akifanya urafiki na watu ambao mimi na wewe tunawajua. Kilichomrudisha hakikuwa semina. Ni fundi mmoja wa pikipiki, Mburundi, aliyemwambia njoo asubuhi, ushike spana, utakula mchana. Muhula uliofuata alirudi darasani, na jioni bado yuko kwa fundi.

Ndugu zetu wa mashirika, kwenye ripoti mnahesabu vijana waliofundishwa. Hesabuni pia waliotoka na aliyewapokea. Andikeni jina la mpokeaji kabla ya kijana kutoka, si baada ya kupotea. Kwa kila kijana aliyefungwa, mwalimu wake apewe taarifa ili jina lisifutwe. Muwaulize mama na shangazi kuhusu umri, muandike msimu, uchaguzi, vita, mvua. Mtu anayejua historia ya nchi ile anaweza kuigeuza kuwa mwaka. Na mkiwa na nafasi ya kazi ya insentivi kwenye kituo cha vijana, msiogope kumpa kijana wa miaka 22.

Wazazi, nanyi msingoje mtoto ashikwe. Kama kadi imekosea umri wake, nendeni dawati la usajili sasa wakati kuna amani, mbebe kadi ya chanjo au ya ubatizo, na kama hamna hata moja, mwende na mzee anayekumbuka. Anayehitaji kusindikizwa atuulizie uwanja wa mpira, jioni yoyote isipokuwa Jumapili.